Siku Tulipomnyamazia Mama Bibiche

Kamina, tarehe 6 Mei 2024

Mdogo wangu Nuru,

Salaam kwako na kwa watoto wa darasa lako, hata wale wanaokutoa jasho. Mimi kaka yako ni mzima isipokuwa mgongo, na mgongo huo unaujua. Simu yangu ilikufa tangu mwezi wa tatu, na huko kwenu Samba naambiwa mnara bado haujasimama, kwa hiyo tumerudi kwenye kalamu. Fadhili, yule mfanyabiashara wa samaki wakavu, anapanda treni kesho. Nitampa barua hii mkononi.

Nina mambo mawili. La kwanza ni neno la Kiingereza. Mwezi uliopita, kazini kwetu, liliteremshwa sanduku kubwa la mbao lenye bulti za kukazia reli, zimetoka ng'ambo. Kapita wetu Marc, msimamizi wa timu, alipolifungua tulikuta bulti nyingi zina nyufa, nyingine zimekatika vichwa. Juu yake kulikuwa na karatasi ya Kiingereza. Marc aliigeuza juu chini, akasema, "Dunia, weye njo musomi wetu, soma basi." Wenzangu wakacheka. Unajua niliishia darasa la pili la sekondari, na Kiingereza sikukigusa. Lakini kulikuwa na neno moja lililorudiwa mara tano kwa herufi kubwa: CLAIM. Karibu nalo kulikuwa na namba 14. Nilifikiri ni jina la mwenye kiwanda. Niambie ni nini. Karatasi yenyewe Marc aliitia mfukoni na mpaka leo imo humo.

La pili ni kujisifu kidogo. Ukinicheka sitajali.

Unajua ninalala kwa Mama Bibiche, karibu na njia ya reli. Timu yetu yote tuko kwake, watu tisa katika vyumba vitatu vya nyuma. Marehemu mume wake Théo alikuwa mwitaji wetu. Alipewa kiwanja hicho, lupango kama wasemavyo hapa, na mkuu wa mtaa, mbele ya majirani, bila karatasi, miaka kumi na tisa iliyopita. Sasa mwitaji ni Kitwa, mtu wa Malemba-Nkulu. Nikueleze kazi ya mwitaji, maana bila hiyo hutaelewa tulichofanya.

Chuma cha reli hakiinuliwi kwa nguvu tu. Tunajipanga wanane, tunainama, koleo mikononi. Kitwa anaita jina la mmoja mmoja, na kila mtu anajibu, "Niko!" Akinyamaza mmoja tu, hakuna anayeinua. Pengine kidole chake kimebanwa, pengine kokoto imeteleza chini ya mguu wake. Hatumuulizi. Kunyamaza kwake kunatosha, chuma kinabaki chini. Miaka minne nimeona wakubwa wakifoka, treni ikisubiri, na chuma hakikuondoka kwa sababu ya mtu mmoja aliyefunga mdomo. Kwetu hakuna "hapana" kubwa kuliko hiyo.

Basi Ijumaa, tarehe 3, Mama Bibiche akiwa Luena kumzika dada yake, walikuja watu wa ofisi ya ardhi pamoja na karani wa Bokungu. Bokungu ni tajiri wa saruji. Anataka lupango wa Mama ajenge ghala, na anasema ardhi ile haina mwenyewe. Walipima kwa kamba, wakabandika karatasi ya Kifaransa mlangoni, kisha mkubwa wao akauliza kwa sauti, "Kuko muntu iko na neno ya kusema juu ya hii lupango?"

Tulikuwa tumesimama mstari mmoja, tumetoka kuoga. Niliwatazama wenzangu, nao wakanielewa. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akauliza mara ya tatu, na Nuru, hata mbuzi wa jirani alinyamaza. Karani wa Bokungu alitutazama kama mtu aliyepotelewa na kofia. Wakaandika, wakaondoka. Kitwa akasema, "Baliona. Chuma hakiinuke." Tukanywa chai ya sukari nyingi.

Ile karatasi niliibandua ili upepo usiichukue kabla Mama hajarudi. Nimekunakilia mistari yake nyuma ya ukurasa huu, usome uone tulivyowashinda.

Yaya wako,
Dunia Feruzi


Samba, tarehe 15 Mei 2024

Yaya Dunia,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nimesimama, mara ya tatu nikitafuta kalamu.

Nianze na neno lako. CLAIM si jina la mwenye kiwanda. Nililiandika ubaoni nikawaambia watoto kwamba limeulizwa na mfanyakazi wa reli wa Kamina, wakashangaa kwamba mtu mzima anauliza. Linatamkwa "kleim". Maana yake ni kudai: kusema wazi kwamba kitu fulani ni haki yako. Namba 14 bila shaka ni siku mlizopewa kudai bulti nzima badala ya zile mbovu. Mwambie kapita wako atoe karatasi mfukoni.

Lakini ninalolipenda zaidi ni lilikotoka. Waingereza hawakulizaa wenyewe. Walilipata kwa Wafaransa wa zamani, nao walilirithi kutoka Kilatini, na huko Kilatini mwanzo wake ulikuwa kupaza sauti. Kuita kwa nguvu. Kupiga ukelele. Ndugu yake wa Kifaransa unamjua: réclamer. Watu wanaposikia neno hilo wanafikiri muhuri na dirisha la ofisi. Lenyewe lilizaliwa kooni. Aliyedai mara ya kwanza hakuwa na karatasi, alikuwa na pumzi. Na sisi je? Maalimu wetu aliwahi kunieleza kwamba dai na dua vimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, nao ni kuita. Fikiri, Yaya. Watu wa Roma na Waarabu, lugha zisizo na udugu wowote, wote walipotafuta neno la kudai haki walianzia mdomoni. Katika maneno yote ya Kiingereza ninayofundisha, hakuna ninaloliheshimu kama hili.

Sasa kaa chini. Ile karatasi ya mlangoni inasema kwamba ofisi imeuliza watu waliopo kama wana pingamizi. Mwenye pingamizi ambaye hakulisema anaweza bado kulileta ofisini, mwisho tarehe 3 Juni. Asiyesema kitu amehesabiwa kwamba hana la kupinga. Yaya, hamkukataa. Mlikubali mara tatu, mbele ya mashahidi, mkiwa mmeoga.

Nani alikuambia ofisi inafanya kazi kama reli? Kwenu mtu akinyamaza, chuma kinabaki. Kwao mtu akinyamaza, nyumba inaondoka.

Na jambo moja, usikasirike. Uliandika kwamba uliwatazama wenzako nao wakakuelewa. Ni wewe uliyewafunga midomo?

Nenda ofisini. Nenda na Mama Bibiche. Usingoje jibu lingine kutoka kwangu. Fadhili ananipigia mluzi, treni imeingia.

Mdogo wako,
Nuru


Kamina, tarehe 29 Mei 2024

Mdogo wangu Nuru,

Barua yako ilinifikia jana. Kichwa cha treni kilikufa kabla ya Kitenge, wasafiri wakakaa siku tisa, Fadhili akauza nusu ya samaki wake kwa wasafiri wenzake. Aliniomba msamaha kama vile yeye ndiye aliyekiua.

Umeuliza kama ni mimi. Ni mimi. Na sikukuandikia yote. Kitwa alikuwa amefungua mdomo kusema. Yeye ndiye mwitaji, sauti ni kazi yake. Mimi nilimkanyaga mguu. Nilidhani mimi ndiye niliyesoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyejua.

Kuna baya zaidi. Mama Bibiche alirudi tarehe 20. Nilimpokea mzigo, nikamwambia, "Mama, walikuja, tukakukatalia." Alitushika mikono mmoja mmoja, akalia kidogo, kisha akakamata kuku mkubwa kuliko wote. Aliniletea nimchinje mimi, kama kawaida yake, ili tuweze kula wote, Mwislamu na Wametodisti. Alinipa paja. Nililila, Nuru, mpaka mfupa. Na tangu jana ninaijua kweli na bado sijamwambia. Leo asubuhi alinitengea maji ya moto kwa ajili ya mgongo.

Karatasi ya bulti nimemweleza Marc. Alicheka, kisha akaitoa mfukoni, akahesabu siku kwa vidole, akaacha kucheka. Siku kumi na nne zilipita zamani. Zile bulti zilizopasuka sasa ni zetu kabisa, na tunaambiwa tuzikaze hivyo hivyo. Mimi nimekataa kuzikaza. Marc amenitazama vibaya.

Neno lako nimelirudia siku nzima nikipanga kokoto. Ni neno zuri. Sikujua kwamba neno linaweza kuwa zuri namna hiyo, kama chombo kilichochongwa na fundi halafu kikashikwa na mikono mingi. Lakini linaniogopesha. Hapa mtu aliyetoka mbali, kama sisi wa Maniema, anaitwa mukuyakuya, aliyekuja tu. Bokungu ndiye anayeleta saruji na chakula kazini kwetu, naye Marc hula kwake. Nikisimama ofisini wataniuliza, wewe una nini Kamina? Nitajibu nini? Koo ninalo. Ardhi sina. Mtu anapaza sauti kwa haki gani kwenye udongo ambao si wake?

Jibu lako haliwezi kufika kabla ya tarehe 3. Sikuulizi ili unijibu. Ninaandika ili kesho nisiweze kujificha. Kesho nitamwambia.

Yaya wako,
Dunia


Samba, tarehe 30 Mei 2024

Yaya Dunia,

Sijui kama barua yangu ya kwanza ilifika. Watu wanasema treni imelala njiani. Hii nampa dereva wa lori anayekwenda huko, ameniahidi kwa jina la mama yake. Ndani nimekuwekea barua ya pingamizi kwa Kifaransa. Weka majina tu, Mama Bibiche aweke kidole.

Katika barua ya kwanza nilikukemea kama mwanafunzi. Baada ya Fadhili kuondoka nilijiona sina haya, kwa sababu lile neno nililijua kabla sijalisoma, na nililijua kwako.

Baba alipofariki, baba mdogo Ismaeli aliita wazee uani. Walisema wanaweza kumsomesha mmoja tu, na huyo awe mtoto wa kiume, yaani wewe. Ulikuwa na miaka kumi na tano. Mtoto hakuruhusiwa kusema mbele ya wazee wale, hata kukohoa. Ulisimama katikati yao ukapiga ukelele, "Kama ni mmoja, ni Nuru! Nuru asome!" Ulirudia mpaka majirani wakaingia, mpaka baba mdogo akavua kiatu akupige, na ulipopigwa uliendelea. Asubuhi yake ulikwenda kubeba magunia stesheni, nami nikaenda shule na daftari lako lililobaki kurasa kumi na mbili.

Hujawahi kulizungumza tena. Nadhani unaona aibu kwamba uliwavunjia wazee heshima. Mimi kila ninapoandika CLAIM ubaoni naiona shingo yako ya siku ile, mishipa imesimama kama kamba. Hukuwa unajidaia wewe. Ulikuwa unanidaia mimi.

Kwa hiyo usiniambie kwamba hujui kudai.

Nuru


Kamina, tarehe 9 Juni 2024

Mdogo wangu Nuru,

Sikukimbia.

Nilimwambia Mama Bibiche tarehe 30, alipokuwa anatwanga majani ya sombe. Mchi ulisimama hewani. Akasema, "Mulinyamaza? Bote tisa? Na nani alibatuma kunyamaza pa lupango yangu?"

Kitwa akajaribu kunisaidia. "Mama, sisi pa kazi, muntu akinyamaza, chuma..."

"Pa kazi munabeba chuma. Minyi niko chuma?"

Siku mbili alitupa bukari mkavu, ugali bila mboga, bila hata chumvi pembeni. Tulikula tumeinamisha vichwa. Bokungu alisikia habari, akamtuma karani wake kuniambia kwamba kuna kazi nzuri ya ulinzi Luena kama nikihama wiki hiyo hiyo. Nikamwambia Luena ni mbali na mgongo wangu.

Jumatatu tarehe 3, Mama alitoka chumbani amevaa sare yake ya kwaya. Akasema, "Tuende. Na muntu asifunge kinywa." Tulimfuata wote tisa, hatukwenda kazini.

Nuru, natamani ungekuwepo. Ofisi ile ni ya kunong'ona. Watu wanakaa kwenye mabenchi na kofia magotini. Karani wa hapo ni Mzee Éphraïm, mwenye miwani, ambaye kila Jumapili anaimba sauti ya chini nyuma ya Mama Bibiche huyo huyo. Alifungua jalada akasema kwa upole kwamba ripoti iko wazi, waliokuwepo waliulizwa mara tatu na hakuna aliyepinga.

Mama alianza kwa sauti ya kawaida. Akataja ukuta wa mbele, matofali waliyofyatua yeye na Théo kwa kiangazi kimoja. Akapandisha. Akataja kisima, siku kumi na moja za kuchimba, na siku ya kumi Théo alivyotolewa na kamba kwa sababu pumzi ilimwishia. Akapandisha tena. Akataja watoto watatu waliozaliwa ndani ya nyumba ile, na mparachichi aliompandia kila mmoja. Sasa milango ya ofisi nyingine ilikuwa inafunguka, watu wanachungulia. Mzee Éphraïm akainua mikono.

"Mama, polepole. Sisi hatuko viziwi."

"Sasa juu ya nini muliandika kama minyi niko bubu?"

Benchi zima lilicheka, na mlinzi wa mlangoni pia. Mzee Éphraïm alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Akasema, "Hata hivyo, Mama, hawa wako walikuwepo na hawakupinga. Nitaandika nini juu yao?"

Kitwa hakuuliza ruhusa. Aliita majina palepale, kwa sauti ya kazini. Kila mtu alijibu "Niko!" na kusema alichokijua: mmoja alipaka chokaa, mwingine alimsaidia Théo kupandisha bati, mwingine amelala pale miaka kumi na tatu. Mzee Éphraïm alichukua karatasi nyeupe akaanza kuandika. Kisha Kitwa akaita, "Dunia!"

Karani wa Bokungu alikuwa amefika. Akasema, "Huyu ni mukuyakuya wa Maniema. Atasema nini juu ya udongo ya Kamina?"

Nakuambia kweli, nilitaka kurudi kwenye kokoto zangu. Nilimtazama Mama Bibiche. Hakunikasirikia wala hakunihurumia. Alikuwa anangoja tu, kama tunavyongoja sisi koleo likiwa mkononi.

Nikapiga kelele. Sikusema, nilipiga kelele. "Minyi njo nilibanyamazisha! Kitwa alitaka kusema, nilimukanyaga mguu! Kwetu kunyamaza ni kukataa! Tulikataa mara tatu, na kosa ni yangu! Andika vile, uweke jina yangu!"

Halafu nikaona haya, maana ilikuwa ofisi ya serikali. Lakini Mzee Éphraïm alikuwa ameinamia karatasi. Akaniuliza, "Mlimkataa nani?" Nikamtaja Bokungu. "Na kwenu reli mnafanya hivyo kila siku?" Wote tisa tukajibu ndiyo kwa mara moja. Akaandika muda mrefu. Kisha akasema kwamba ripoti iliyofanywa bila mwenye nyumba, na watu waliokataa wakaandikwa wamekubali, haiwezi kusimama kabla ya kuangaliwa upya. Akapiga muhuri wa tarehe 3 Juni. Watarudi kwenye lupango tarehe 24, Mama akiwepo.

Sasa ninajua kwa nini unaliheshimu neno lile. Mama Bibiche hajui herufi hata moja ya Kiingereza, lakini alilifanya mbele yangu tangu mwanzo wake wa zamani kabisa. Nilimwona mtu mfupi, mwenye sare iliyopauka, akaifanya ofisi nzima iinue vichwa.

Marc ameliondoa jina langu kazini. Anasema ni kwa sababu ya siku ile tuliyokosa, lakini wengine wanane wamerudi. Sijuti. Ninatengeneza paa la jirani kwa sasa.

Nilikuwa nimeikunja barua hii, dereva wa lori akanikabidhi yako ya tarehe 30. Kwa hiyo nimeikunjua. Nuru, sikujua kwamba unakumbuka. Ulikuwa na miaka tisa. Nilidhani ulikuwa ndani.

Yaya wako,
Dunia


Kamina, tarehe 26 Juni 2024

Mwalimu Nuru,

Ni mimi, Mama Bibiche. Mkono ni wa kaka yako, maneno ni yangu. Nimemwambia aandike ninavyosema asinisahihishe, lakini ninamwona anasahihisha.

Kwanza nakushukuru kwa barua zako. Alinisomea zote, hata pale ulipomkemea. Pale nilimwambia arudie.

Walikuja Jumatatu, wanne, pamoja na Bokungu mwenyewe ndani ya gari. Nilianza kwenye mlango wa mbele nikaishia kisimani, na sikuruka tofali. Majirani walipanda juu ya ukuta wakaongeza niliyosahau. Mzee Éphraïm alibadilisha kalamu mara mbili. Bokungu alisema mimi na watu wangu tumetoka pande zote, nani ni mwenye Kamina hapa? Nikamuuliza, "Na weye, papa, mama yako alikuzalia Kamina gani?" Kijiji chake kiko mbali kabisa, tukitaka kufika kwao tutakwenda mwezi. Watu walicheka mpaka dereva wake akacheka. Jana ofisi imeandika kwamba ombi lake limekataliwa, na lupango utaandikwa kwa jina langu. Ameanza kutazama kiwanja kingine upande wa uwanja wa ndege. Mungu awape sauti watu wa huko.

Lakini sikukuandikia kwa ajili hiyo. Mzee Éphraïm aliuliza, nyumba hii inakaliwa na nani? Karani wa Bokungu, aliyekwisha kushindwa na bado anauma, akasema, "Andika wapangaji. Na huyu wa Maniema usimuandike kabisa, hata kazi hana." Kaka yako alisogea nyuma ya mlango. Yule aliyepiga kelele ofisini kwa ajili yangu, alipofikiwa yeye mwenyewe, alinyamaza.

Basi nikamwitia mimi. Siku ile ya ofisini nilikuwa na sauti, Mwalimu, lakini hii ilitoka mahali pengine. Nilisema huyu si mpangaji. Huyu ni wangu.

Mzee Éphraïm akauliza, "Kwa haki gani, Mama?" Ni mtu wa sheria, lazima aulize.

Nikasema, "Nilimupa bukari mukavu siku mbili, na Bokungu alimupa kazi Luena, na hakuhama. Muntu wa kupanga angehama."

Mzee Éphraïm alifikiri, akaandika. Nilimwomba asome kwa sauti ili nihakikishe. Ameandika hivi: Dunia Feruzi, wa nyumba hii.

Sasa nimemwambia kaka yako anisomee barua hii yote kabla sijaweka kidole. Amesoma vizuri, lakini mstari ule wa jina lake ameuruka. Nimemwambia arudi. Ameusoma kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba chumvi. Nimemwambia sikusikia. Ameusoma tena, afadhali kidogo. Hatutaifunga bahasha mpaka jirani ausikie.

Mama Bibiche
(kidole changu)